Asubuhi masikio yameziba kama nimeshuka Kitonga usiku kucha

SWALI

Shikamoo Bibi Muuguzi,

Mimi ni dereva wa lori, umri miaka 51, nakaa Mbagala, Dar es Salaam. Barabara yangu ni Dar–Tunduma, mwaka wa kumi na saba huu. Naandika mwenyewe kwenye simu, nivumilie makosa.

Mwaka jana nilisinzia kwenye usukani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka, nimeshaipita Mikumi, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala muda wa saa nane kamili. Utingo alipiga kelele, nikashtuka tairi za kushoto ziko nje ya lami. Tulisimama, tukashuka, tukakaa chini ya mti hakuna anayeongea. Nilipomsimulia mke wangu, akasema lile ambalo miaka yote nilikuwa nalipuuza: kwamba nikilala nakoroma, halafu nanyamaza kimya kama mtu aliyekata roho, halafu nashtuka na mkoromo kama lori linalowashwa asubuhi ya baridi Makambako. Nikaenda hospitali, nikalala huko usiku mmoja na nyaya kichwani na kidude kwenye kidole. Majibu: nakata pumzi mara 42 kwa saa. Daktari akaandika kwamba nahitaji mashine ya upepo ya kuvaa puani usiku, ile wanayoiita CPAP.

Bei ya mpya ilinishinda. Shemeji yangu aliyeko Muscat akanipatia iliyotumika, ya mzee jirani yake ambaye alipewa nyingine. Ilifika na begi lake na barakoa mpya ya pua. Nikaichomeka, ikavuma, nikavaa.

Bibi, wiki ya kwanza nilizaliwa upya. Mke wangu usiku wa kwanza aliamka mara tatu kuniwekea mkono kifuani, maana kimya kile hakukizoea, alidhani nimeondoka. Naamka kichwa hakigongi. Naendesha mpaka Iringa bila kutafuna karanga za kufukuza usingizi.

Shida ilianza wiki ya tatu. Naamka masikio yote mawili yameziba, la kushoto zaidi. Naisikia sauti yangu kama naongea ndani ya pipa. Kama umewahi kushuka Kitonga unatoka Iringa, hali ni ile ile. Pale mimi nikifika chini, Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, nabana pua, nafunga mdomo, napuliza, masikio yanaachia. Basi na nyumbani ndivyo ninavyofanya kila asubuhi, napuliza mpaka macho yanataka kutoka, lakini naona ndiyo yanazidi kujaa. Siku nyingine yanafunguka saa nne, siku nyingine mpaka adhuhuri. Tumbo nalo linajaa upepo. Napiga mswaki huku nabeua.

Halafu kizunguzungu, na hiki ndicho kilichonitisha. Nikisimama kutoka kitandani chumba kinayumba kama kivuko cha Kigamboni bahari ikichafuka. Na Jumanne ya wiki iliyopita, sala ya alfajiri, nilipoinuka kutoka kwenye sijida ukuta ulizunguka, nikaushika mkeka kwa mikono miwili. Kama sekunde ishirini hivi, ukatulia. Juzi tena, nilipogeuka kitandani.

Duka la dawa walinipa matone ya kuzibua pua. Yananisaidia, na mwezi wa pili huu kichupa hakitoki mfukoni. Vidonge vya presha nameza aina mbili tangu 2019. Na hapo pa presha palituchanganya kidogo. Shemeji alinipigia simu akasema "presha iko 15, usiiguse", mke wangu akasikia, akajua ni presha yangu ya damu imepanda. Tangu siku hiyo chumvi imeondoka jikoni. Mchicha tunakula kama dawa.

Sasa mashine nimeiweka juu ya kabati, leo siku ya tisa. Masikio yana nafuu, ila mkoromo umerudi na vituo vyake. Fundi simu mmoja wa Kariakoo anasema menyu ya siri ya daktari anaijua, atapunguza upepo kwa elfu ishirini. Kijana wangu anasema niachane nayo kabisa, itanipasua ngoma za masikio. Na Alhamisi nina safari ya Tunduma.

Naomba unijibu: inaweza kunitia uziwi? Nimpe fundi? Na kile kitangi cha maji huwa natia maji ya betri ya sheli, nilisikia ndiyo yaliyosafishwa zaidi. Ni sawa?

Mwanao,
Dereva wa Tunduma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Alhamisi usiende Tunduma.

Nimeanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri siku mbili tatu. Wewe leo umebeba hatari mbili kwa mpigo: kizunguzungu ambacho hakijajulikana kimetoka wapi, na usiku tisa wa kukatika pumzi kama zamani. Hicho cha pili ndicho kilichokutoa nje ya lami mwaka jana. Mwambie msimamizi wako unaumwa masikio na una miadi ya daktari. Hujadanganya, na mwenye mzigo atampata dereva mwingine.

Sasa barua yako. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama pale shemeji aliposema "presha iko 15, usiiguse". Umepita hapo mbio, kama dereva anayepita mizani gari likiwa tupu. Mimi naona hapo ndipo penye mzigo wenyewe. Hiyo 15 ilipimwa kwa nani? Kwa mzee wa Muscat, kwa koo lake, kwa shingo yake na uzito wake. Wewe huijui kabisa namba yako, au unaijua na iko kwenye karatasi uliyopewa hospitali, kwenye bahasha, chini ya godoro ambako wanaume wengi ninaowajua huhifadhi majibu ya vipimo. Itafute leo. Huenda imeandikwa namba moja, huenda ni kiwango cha chini na cha juu ambamo mashine inajipandisha na kujishusha yenyewe. Mashine hizi hupuliza kuanzia 4 mpaka 20. Wapo wanaohitaji 15 kweli, wapo wanaotulia kwa 8. Kumvisha mtu wa 8 upepo wa 15 ni kama kumpa miwani ya jirani kwa vile ina fremu nzuri.

Hizo namba ni sentimita za maji. Yaani 15 ni ule mgandamizo unaoupata sikio likiwa sentimita 15 chini ya maji, kina ambacho hakifiki shubiri moja. Wewe ni mtu wa tairi, nikuambie kwa lugha yako: tairi la lori unalijaza upepo wa 120 au karibu na hapo, kwa kipimo hicho hicho cha tairi (PSI) upepo wa mashine yako haufiki hata robo ya 1. Kwa hiyo kijana wako mtulize. Kupasua kiwambo cha sikio kizima kunataka nguvu kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Ila kiwambo ni kingozi chembamba sana, na hata nguvu ndogo ikikisukuma saa saba mfululizo utaisikia.

Nifungue mabano kidogo. Mwaka 1981 daktari wa Australia, Colin Sullivan, na wenzake wa Sydney waliandika habari za wagonjwa watano wa kwanza kutibiwa kwa upepo wa puani wa namna hii. Upepo walioutumia haukuzidi 10. Kazi yake ni ile ile mpaka leo: kuliweka koo wazi kwa hewa ili nyama zake laini zisilale zikaziba njia. Hewa hiyo haina dawa ndani yake na haina oksijeni ya ziada. Ni upepo wa chumbani kwako, umesukumwa.

Shida ni kwamba koo lina mlango mwingine. Nyuma ya pua, kila upande, kuna mrija mwembamba wa sentimita tatu na nusu hivi unaopanda mpaka nyuma ya kiwambo cha sikio. Muda mwingi umefungwa. Unapomeza mate au kupiga mwayo unafunguka kidogo, hewa inapita, pande mbili za kiwambo zinalingana. Ukilala na mashine, kooni kuna upepo wenye nguvu kuliko wa chumbani. Kila ukimeza, na usingizini tunameza, mrija unafunguka na funda moja la upepo huo linaingia sikioni. Sehemu nyingine inashuka tumboni. Ndiyo hizo beuo za kwenye mswaki, na ukizisikia jua upepo ni mwingi kuliko unavyohitaji au unameza sana. Asubuhi unavua barakoa. Kooni nguvu imeondoka, sikioni imebaki. Kiwambo kimetuna kwenda nje kama puto.

Na hapa ndipo Kitonga inapokupoteza. Ukishuka Kitonga, hewa ya nje inazidi kuwa nzito na ya ndani ya sikio inabaki ile nyepesi ya Iringa. Kiwambo kinasukumwa kwenda ndani. Kubana pua na kupuliza kunakusaidia kwa sababu sikio linahitaji hewa, na wewe unalipelekea. Asubuhi ukivua mashine, mwanangu, hujashuka Kitonga. Umeipanda. Sikio limejaa, linataka kutoa, na wewe unabana pua unaliongezea. Halafu unashangaa linazidi kuziba! Miaka yangu ya wodi ya masikio nilimwona mzamiaji mmoja wa jongoo bahari aliyejipasulia kiwambo hivyo hivyo, kwa kupuliza kwa hasira akiwa na mafua, juu ya jahazi, hata majini hajaingia. Usipulize tena. Hata kidogo.

Fanya hivi. Ukiamka, vua barakoa, kaa ukingoni mwa kitanda. Chukua funda dogo la maji, bana pua, meza. Usipulize, meza tu. Achia. Rudia mara mbili tatu. Kumeza huku umebana pua kunafungua mrija na kuvuta hewa itoke sikioni. Mwayo nao unasaidia, na kusogeza taya mbele na nyuma kama mbuzi anayecheua. Asubuhi hakuna anayekuona ila mkeo. Sikio likiachia hapo hapo, basi tumempata mhalifu: ni upepo uliojaa, na dawa yake kubwa ni kupata namba yako sahihi.

Lisipoachia, ikapita saa nzima bado unaongea ndani ya pipa, tazama pua. Mrija ule mdomo wake uko nyuma ya pua, na pua ikivimba kwa mafua, vumbi au aleji, mdomo unazibwa. Hewa haiingii haitoki, pengine na majimaji yanajikusanya nyuma ya kiwambo. Ukisema siku nyingine yako yanafunguka saa nne na nyingine adhuhuri, nashuku una yote mawili.

Ndipo nakuja kwenye kichupa cha mfukoni. Matone hayo ya kuzibua pua ni ya siku chache, wiki moja ikizidi sana. Ukiyatumia mwezi wa pili pua inayazoea: dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, unatia tena, inavimba tena. Wewe unadhani yanakusaidia kwa sababu kila ukitia unapata saa kadhaa za nafuu, kumbe uvimbe wa sasa yameuleta yenyewe. Na kwa mtu mwenye vidonge viwili vya presha ya damu si dawa ya kuzoeana nayo. Yaache. Siku kadhaa za kwanza utaona pua imekuwa jiwe, vumilia. Badala yake safisha pua kwa maji ya chumvi: glasi ya maji yaliyochemka yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, asubuhi na kabla ya kulala. (Mwambie mama watoto hii ya puani haihesabiwi.) Daktari akiona pua ina aleji atakupa dawa ya kupuliza ya aina nyingine, ambayo hufanya kazi polepole, siku hata wiki, lakini haikugeuki.

Kizunguzungu nimekiweka mwisho wa habari za mwili kwa sababu kinanipa shaka kuliko masikio. Umeandika kana kwamba ni kimoja. Mimi nasoma viwili, labda vitatu.

Kile cha kusimama kutoka kitandani, chumba kikayumba. Kinaweza kuwa cha masikio: sikio la kushoto likiwa na mgandamizo tofauti na la kulia, ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, wazamiaji wanaijua sana hali hiyo wakipanda juu. Lakini kinaweza kuwa presha ya damu imeshuka. Ulianza vidonge hivyo 2019 wakati usiku mwili wako unapambana kutafuta hewa, na mapambano hayo ndiyo mojawapo ya mambo yanayopandisha presha. Ukitibiwa usingizi, presha nayo inaweza kushuka kidogo, na kipimo cha dawa kilichokufaa zamani kikawa kikubwa. Hili linapimika kwa dakika kumi. Lala chini dakika tano, upimwe. Simama, upimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari ataangalia upya vidonge vyako. Daktari, nimesema. Usije ukaviacha mwenyewe kwa sababu Bibi ameandika.

Kile cha kwenye sijida ni kitu kingine. Ukuta unazunguka, sekunde ishirini, unatulia, na kinarudi ukigeuka kitandani. Kwa sikio langu la kiuuguzi hicho hakinuki mashine kabisa. Ndani kabisa ya sikio, mbali na huo upepo, kuna chembe ndogo sana kama chokaa ambazo kazi yake ni kukusaidia kujua uko wima au umeinama. Umri ukisogea, au baada ya kugongwa kichwa, au bila sababu yoyote, baadhi hung'oka na kuingia kwenye vijia visivyo vyake. Ukiinamisha kichwa zinatembea, dunia inazunguka. Daktari wa masikio hulijua tatizo hilo kwa kukulaza ghafla kichwa kikiwa upande na kuyatazama macho yako yanavyocheza, na hulitibu kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu mpaka chembe zirudi kwao. Mara nyingi hakuna kidonge hata kimoja. Wanaume wawili watatu nimewaona wakiingia wodini wameshikiliwa na wakitoka wanatembea peke yao, wananitazama kama nimewafanyia mazingaombwe, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika miguu tu. Mpaka upimwe, sali umekaa kwenye kiti.

Kuna dalili ambazo ukiziona huningoji mimi wala miadi, unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Sikio moja likapoteza usikivu ghafla, leo linasikia kesho halisikii: hilo lina dawa, ila dawa yake inahesabu siku, na watu wanakaa nayo mwezi wakidhani ni nta. Usaha au damu ikitoka sikioni. Dunia ikizunguka saa nzima bila kutulia huku unatapika. Na mdomo ukienda upande, ulimi ukawa mzito, mkono au mguu ukalegea, au ukaona vitu viwili viwili, hapo mkeo asikupe hata maji, akutafutie gari.

Umeuliza kama mashine itakutia uziwi. Kule kusikia kama uko ndani ya pipa ni kiwambo kilichotuna kushindwa kutikisika vizuri. Mgandamizo ukilingana, usikivu unarudi. Mtu atakayekuhakikishia kwa macho ni daktari wa masikio, pua na koo mwenye kile kitochi chake, na kama kliniki ina kipimo cha mwendo wa kiwambo watakufanyia, hakiumi, ni kama mtu anakupulizia sikioni.

Fundi simu usimpe. Sina shaka anaijua hiyo menyu, vijana wa Kariakoo wanajua kila kitu. Lakini ataipunguza mpaka wapi? Akiweka 6 na wewe unahitaji 11, masikio yatafurahi, na wewe utakuwa umelala na kelele ya mashine huku pumzi inakatika kama kawaida, safari hii ukiamini umetibiwa. Afadhali yule anayejua hajatibiwa. Rudi pale ulipopimwa usingizi, kesho ikiwezekana, ubebe mashine yenyewe, barakoa, waya, karatasi ya majibu na vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja. Waambie waziwazi: mashine ni ya mtu mwingine, iko kwenye 15. Kuiweka upya ni kazi ya dakika chache. Waulize pia mambo mawili ambayo mashine nyingi zinayo na hakuna anayekuonyesha. La kwanza, upepo kuanza chini, 4 au 5, na kupanda polepole ndani ya nusu saa hivi mpaka ulale. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. La pili, upepo kulegea kidogo kila unapotoa pumzi, namba 1 mpaka 3. Mgonjwa wa masikio hupata nafuu kubwa kwa hayo mawili.

Na hiyo mashine ya urithi, igeuze usome kibandiko chake cha chini, jina na toleo. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine za kupumulia kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ingeweza kumong'onyoka na mtu akavuta chembe zake. Ya kwako ikiwa mojawapo ya matoleo yale, hiyo haivaliwi tena, na shemeji aambiwe kwa upole. Ikiwa salama, toa kichujio chake, kile kipande kidogo cha kama kitambaa mahali hewa inapoingilia. Najua hujawahi kukitoa. Kwa vumbi la Mbagala na feni inayozunguka usiku kucha nategemea kitakuwa na rangi ya dekio. Weka kipya. Mashine iwe chini kuliko kichwa chako, kwenye stuli, ili matone yanayojikusanya kwenye bomba yarudi kwenye kitangi na sio puani.

Maji ya betri mwaga leo. Hata yakiwa yamechujwa, hakuna aliyeyatengeneza akifikiria mapafu ya mtu, na kwenye rafu ya sheli chupa zake zinakaa jirani na tindikali zikifanana kama mapacha. Usiku mmoja taa imezimika unapapasa, unachukua ipi? Tafuta maji yaliyotoneshwa (distilled water) kwenye duka la dawa. Ukiyakosa kwa siku chache, yaliyochemshwa na kupoa yatakusogeza. Kitangi kimwage kila asubuhi, kikauke.

Mpaka waiweke upya, lala ubavu, mto wa ziada chini ya kichwa na mabega, na usimeze dawa yoyote ya usingizi. Ikishawekwa, ivae usiku huo huo. Kazini rudi baada ya kuwa na usiku kadhaa mfululizo wa kulala vizuri na daktari ameshasema kizunguzungu ni cha nini, na ukianza, anza na safari fupi, Morogoro na kurudi, utingo akiwa macho.

Mama watoto mpe salamu zangu. Mwambie ile 15 haikuwa presha ya mumewe, ilikuwa ya mashine. Ila chumvi asiirudishe. Mtu wa vidonge viwili tangu 2019 alipaswa kula hivyo siku zote, kwa hiyo alikosea simu akapatia mchicha. Ukipita tena Ruaha Mbuyuni mletee vitunguu vya kutosha, auweke ladha kwa hivyo.

Bibi Muuguzi